Unga Kwanza, Rangi Baadaye: Gitaa la Umeme la Vipande, Kwa Unayeishi Unguja

Sanduku likishafika ukalifungua, mkono utakuwasha kushika msasa na kopo la rangi. Uzuie. Gitaa la vipande, lile linalokuja sandukuni likiwa halijaungwa, huungwa mara mbili. Mara ya kwanza unaliunga kavu, mbao tupu, mpaka litoe sauti. Kisha unalifumua, unalipaka, unaliunga tena. Wengi wanaoniletea magitaa ya namna hii wameanza na rangi. Kiwiliwili kinang'ara, wallahi, ungedhani kimetoka dukani, lakini shingo imekaa upande na matundu ya daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi juu ya kiwiliwili, yamepotoka, na kuyarekebisha sasa ni kutoboa juu ya kazi nzuri.

Mimi si mpiga gitaa. Nimekulia katika duka la redio la baba, Mlandege, na riziki yangu mpaka leo ni amplifaya, mikrofoni na maspika ya maharusi. Siioni kuwa kasoro. Bwana Leo Fender mwenyewe, yule wa magitaa ya Fender, alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California, mwenye duka lake tangu 1938, na kupiga gitaa hakujua. Gitaa lake la mbao nzima liliingia sokoni 1950, na mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster. Ukilifumua unaiona akili ya fundi redio: shingo imefungwa kwa skurubu nne ili ikiharibika ibadilishwe, na swichi na vitufe vyote vimekaa juu ya kibati kimoja kinachotoka kwa skurubu mbili.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue seti gani namwambia anunue ya umbo hilo. Pikapu mbili (zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi), swichi ya njia tatu, voliyumu moja, toni moja, na daraja lililotulia. Seti za umbo la Stratocaster, gitaa jingine la Fender, zina pikapu tatu na daraja la springi, na springi zile zitakutoa jasho kabla hujapata hata noti moja iliyonyooka. Zile ambazo shingo yake hugandishwa kwa gundi waachie maseremala.

Seti za bei nafuu nyingi mtandaoni ni kati ya dola 80 na 150. Hiyo siyo bei ya gitaa. Juu yake kuna usafirishaji, ushuru, na pengine nauli ya boti kutoka Dar ikiwa mzigo umeteremkia huko. Bakisha pia fedha ya nyuzi nzuri, maana zile za ndani ya sanduku ni za kujaribia tu, na ya tundu la jeki (pale unapochomeka waya) jipya, maana la kwenye seti hulegea upesi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: kiwiliwili kimeshapakwa sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao, au ni mbao tupu? Jibu lake ndilo litakaloamua utaweza kukitia rangi ya namna gani.

Mtoto wa kaka yangu alipoleta yake aliniuliza, "Shangazi, si wameandika hapa kila kitu kimekamilika?"

"Kimekamilika kama doti ya kanga dukani, mwanangu. Bado kukata, bado kupinda."

Cha kwanza, iache mbao ipumzike. Imetoka kiwandani ikiwa kavu, imefungwa nailoni, na hapa kwetu hewa ina maji. Vitoe vipande vyote, vilaze juu ya meza katika chumba kile kile ambacho gitaa litakaa, wiki nzima. Usiegemeze shingo ukutani, wala usiianike juani kwa kudhani unaisaidia. Wiki hiyo itumie kutafuta vifaa: bisibisi ya msalaba inayokamata barabara, drili yenye keekee nyembamba, rula ya chuma, tupa laini, msumeno wa upinde, msasa wa namba 180, 240, 320 na 400, pasi ya lehemu ya wati 40, na maltimita (kipima umeme) ya bei yoyote.

Sasa kipimo ambacho hakina mjadala. Juu ya shingo, karibu na kichwa, kuna kipande cheupe chenye mifereji sita. Mafundi wengine hukiita mfupa, nami nitakiita hivyo. Pima kutoka ukingo wake wa mbele mpaka katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vijiwaya vya chuma vinavyokatiza shingo). Kwa umbo hili utapata kama milimita 324. Zidisha mara mbili, unapata 648, na huo ndio urefu wa uzi kutoka mfupa mpaka pale unapokaa juu ya daraja. Funga shingo kwa muda, weka daraja mahali pake bila kulikaza, sogeza kichuma cha uzi mwembamba, kile kinachoubeba juu ya daraja, mpaka kati ya safari yake, upime. Ikiwa 648 inaangukia pale kichuma kinapoweza kufika, na bado kina nafasi ya kurudi nyuma, basi salama. Uzi mnene utahitaji kurudi nyuma milimita mbili tatu zaidi, kwa hiyo nafasi ya nyuma ndiyo muhimu kuliko ya mbele.

Baada ya urefu, unyoofu. Hapa sina kifaa kinachoshinda mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba. Chukua vipande viwili. Kimoja kipitishe kwenye mfereji wa uzi mnene, kingine kwenye mfereji wa uzi mwembamba, vivute mpaka vichuma vya pembeni vya daraja, uvifunge vikaze. Lilaze gitaa chini ya taa, simama juu yake, fumba jicho moja. Angalia freti ya mwisho, pale shingo inapoingia kwenye kiwiliwili. Mshipi wa kushoto na wa kulia iwe mbali sawa na kingo za shingo. Ukiona mmoja umekaribia kudondoka ukingoni, legeza skurubu nne za shingo nusu mzunguko, isukume shingo kwa kiganja upande unaotaka, kaza tena ukiwa umeishikilia. Mara nyingi hilo linatosha, kwa sababu kishimo cha shingo katika seti za bei hii huwa kipana kidogo. Kikiwa kipana mno, chomeka ubapa mwembamba wa mbao ubavuni. Na kama matundu ya daraja ndiyo yaliyopotoka, yazibe kwa vijiti vya mbao na gundi, subiri ikauke mpaka kesho, toboa upya pale mshipi ulipokuonyesha. Ukiwa na mbao tupu, kazi hiyo ni ya asubuhi moja na haiachi alama itakayoonekana chini ya rangi.

Skurubu za seti hizi ni laini, kichwa hukatika upesi. Kila tundu litobolewe kwanza kwa keekee nyembamba kuliko skurubu, hasa kwenye shingo ambayo ni mbao ngumu, na kila skurubu isuguliwe kwenye mshumaa au kipande cha sabuni kabla ya kuingia. Funga tepu ya karatasi kwenye keekee kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili wa shingo.

Angalia pia kama kuna kitundu chembamba kinachotoka chini ya daraja mpaka kwenye shimo la swichi. Waya wa ethi utapita hapo. Kama hakipo, kitoboe sasa.

Kisha tia nyuzi mbili za pembeni tu, kaza, piga. Huhitaji umeme. Unasikiliza kama kuna freti inayokwaruza. Freti iliyoinuka hugunduliwa kwa ukingo wa kadi ya benki: isimamishe juu ya freti tatu kwa pamoja, upande mrefu wa kadi huku kichwani ambako freti zimeachana, upande mfupi kule chini ambako zimebanana. Ikichezacheza, ya katikati imeinuka. Igonge taratibu kwa kipande cha mbao na nyundo ndogo. Isipokubali, funika mbao ya pembeni kwa tepu, uipunguze kwa tupa laini, kidogo na kupima, kidogo na kupima. Ncha za freti zinazokwaruza kiganja zilazwe kwa tupa hiyo hiyo. Ukiwa na chumba cha kiyoyozi utazikuta ncha hizo zinachomoza tena, kwani mbao inakauka na kusinyaa lakini chuma hakisinyai.

Kichwa cha shingo huja kikiwa bapa, hakina umbo, ili mwenyewe ukichore. Mpwa wangu alichora tanga la dau, na limependeza. Chora utakacho, ila acha nafasi kuzunguka matundu ya funguo za kukazia nyuzi, na kata nje ya mstari kisha umalizie kwa msasa.

Fumua kila kitu. Skurubu za kila sehemu zitie kwenye kikombe chake.

Kuhusu rangi, dondoshea tone la maji kwenye kiwiliwili. Likinywewa, mbao iko wazi na unaweza kuitia rangi ya kunyweka inayoonyesha nyuzi za mti. Likisimama juu, kuna sila, na rangi ya kunyweka itatoka mabaka tu. Paka rangi ya kufunika, au usugue sila yote mpaka mbao, kazi ambayo simtakii mtu. Piga msasa 180, 240, kisha futa kwa kitambaa chenye maji kidogo ili vinyweleo vya mbao visimame, acha ikauke, umalize na 320. Fuata mkondo wa mbao kila mara. Kishimo cha shingo kifunike kwa tepu, rangi isiingie kabisa, kwani unene wake peke yake unatosha kuizuia shingo isikae.

Ukitaka laka ya kung'aa, mpelekee fundi vitanda wa mtaani kwako. Ana kompresa, ana sila, ana mkono. Msubiri tu awe na kazi nyingine ya rangi hiyo hiyo, akupitishie lako pamoja. Lakini angalia majira. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, laka inayokauka upesi huingia utando mweupe, kwa sababu unyevu hunaswa ndani yake. Hata nje ya masika, asipige magharibi umande unapoanza kushuka. Mimi napenda kipupwe, upepo wa kusi umeshatulia kwenye ukavu wake, saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, kwenye uwa uliomwagiwa maji chini ili vumbi lilale.

Ukiamua mafuta ya kitani, paka nyembamba kwa kitambaa, futa yote yaliyobaki juu baada ya robo saa, rudia kesho. Ni rahisi, na mkwaruzo wake hurekebishika. Ila kile kitambaa usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Kitandaze nje juu ya saruji mpaka kikauke kigumu, au kiloweke kwenye ndoo ya maji. Na usiache mahali popote wazi kwa uvivu: ndani ya mashimo ya pikapu, ndani ya kishimo cha swichi, kote papakwe walau mkono mmoja wa sila, maana unyevu wa bahari huingilia hapo hapo ulipopaacha. Kishimo cha shingo pekee ndicho kiachwe.

Umeme ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayowatisha watu bure. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, unazaa umeme mdogo kwenye waya. Kabla hujailehemu, ipime kwa maltimita: pikapu nyingi za umbo hili husoma kati ya kiloomu 5 na 8. Ikisoma sifuri au haisomi kitu, irudishe kwa muuzaji sasa, kabla hujaigusa.

Geuza voliyumu uitazame mgongoni. Kwa pikapu hizi unataka 250K, yaani kiloomu 250, na herufi A, ile inayopunguza sauti taratibu. Seti nyingi huja na B500K, ambazo sauti yake huwa kali mno, na kuzungusha kwake hakufanyi kitu mpaka karibu ufike mwisho, kisha inazama ghafla. Ni kitu cha kubadilisha cha fedha ndogo kuliko vyote kwenye gitaa hili. Kapasita ya toni iwe maikrofaradi 0.022 au 0.047, ya pili inafanya toni iwe nzito zaidi ukiifunga.

Kulehemu mgongo wa voliyumu kuna adabu yake. Ukwaruze kwa msasa mpaka chuma king'ae. Gusisha ncha ya pasi kwenye chuma chenyewe, hesabu mpaka tatu, kisha leta lehemu iguse chuma, siyo pasi. Ikitandaa na kung'aa imeshika. Ikijikusanya na kuwa ya kijivu haikushika, na siku ya harusi itakatika. Usikae juu yake zaidi ya sekunde chache, ndani mna kaboni inayoungua.

Waya wa ethi kutoka chini ya daraja uchubue sentimita mbili, utandaze nyuzi zake, daraja lizikandamize; mwisho wake mwingine unalehemu mgongoni mwa voliyumu. Hapo nyuzi zote sita zimeungana na ethi. Kisha chomeka waya wa gitaa, upime kati ya ncha na shina la plagi ya upande wa pili, voliyumu ikiwa imefunguliwa yote. Swichi mbele, unasoma karibu ile namba ya pikapu. Swichi nyuma, vivyo hivyo. Swichi kati, namba inashuka karibu nusu. Ukipata hayo matatu, nyaya zako ni sahihi, hata kabla ya kuwasha amplifaya.

Ukiwasha, utasikia mngurumo mdogo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu hizi huunasa. Ukigusa nyuzi, mngurumo upungue. Ukizidi, umezibadilisha nyaya mbili kwenye tundu la jeki. Swichi ikiwa kati na sauti inakuwa nyembamba, haina kifua, pikapu moja imegeuzwa: badilisha nyaya zake mbili, lakini hakikisha kwanza kwamba mfuniko wake wa chuma haukuunganishwa na ule waya utakaoufanya wa moto, yaani wa kubeba sauti.

Hapa nisimame kidogo. Kwa kuwa nyuzi zimeungana na ethi ya amplifaya, mikono yako nayo imeungana. Amplifaya ikiwa na hitilafu na nyumba haina ethi, volti 230 zinakuja vidoleni. Naona watu mjini wakichokoa soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, naona wengine wamekata pini ya juu. Ile pini ya juu ndiyo ethi yenyewe. Amplifaya yenye plagi ya pini tatu ichomekwe kwenye soketi ya pini tatu ambayo fundi umeme ameipima kweli. Na ukihisi mchochoto midomoni unapogusa mikrofoni huku umeshika gitaa, zima kila kitu, usiendelee na wimbo.

Sasa unga mara ya pili, tia nyuzi sita mpya za kuanzia inchi 0.010, zilinganishe sauti, uache usiku mmoja. Kesho yake bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 17 kwa pamoja, uangalie nafasi iliyopo juu ya freti ya saba. Itoshee karatasi mbili tatu za kawaida za kuchapia. Ikizidi, kaza nondo iliyomo ndani ya shingo robo mzunguko kwa ufunguo uliokuja nao, kwa kuelekea saa inavyozunguka. Ikikosekana nafasi kabisa, legeza. Robo tu, kisha subiri. Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12 uwe kama milimita 2 kwa uzi mnene na 1.6 kwa mwembamba.

Mwisho ni usahihi wa noti. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, usikie ule mlio wa juu. Kisha ubane hapo hapo, upige. Programu ya simu ya kulinganishia inatosha. Noti iliyobanwa ikiwa juu zaidi, rudisha kichuma nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Fanya hivyo nyuzi zote sita. Wanaotoka kwenye udi watalalamika kwamba rasti na bayati, zile maqamu za Kiarabu, hazikai sawa, na kweli hazikai, freti zimekatwa kwa nusu sauti na zile robo hazimo. Watazipata kwa kuvuta uzi kwa kidole.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, kwani jasho na chumvi ya hewani huzitia kutu upesi, na ndani ya mkoba weka vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Baada ya mwezi wa kwanza kaza nati za funguo kichwani na skurubu nne za shingo, zitakuwa zimelegea. Masika yakiingia, rudia kipimo cha karatasi kwenye freti ya saba, maana shingo itakuwa imesogea.